Kihamba si shamba

Wasomaji wangu, nimekuwa kimya wiki mbili. Gazeti lilinituma Mbinga, na wakati wa kurudi nikapitia nyumbani Kilimanjaro. Nimekuta ubishi.

Baba mdogo anataka kung'oa kahawa na migomba, akate mringaringa, apande mahindi kihamba chote. Kwa mila yetu kitinda mimba ndiye anayebaki na kihamba, kwa hiyo si maneno matupu. Wala sitaki kumdhihaki: kahawa haisomeshi tena watoto kama ilivyomsomesha yeye, na mtaalamu wa semina kamwambia mahindi ya mstari ndiyo kilimo cha kisasa. "Wewe umesoma," ananiambia, "mbona unatetea vichaka?"

Kwa mnaotoka mikoa mingine: kihamba kinazunguka nyumba na ni cha kurithi. Chini kuna magimbi na mboga, halafu mibuni, juu yake migomba, juu kabisa miti mirefu. Ng'ombe yuko zizini analetewa majani, samadi inarudi kwenye migomba. Mahindi yana shamba lake, kule tambarare. Wazee hawakutoa majina mawili kwa bahati mbaya. Mvua ikigoma mahindi yakakauka kule chini, huku juu mkungu haukosekani, maana ndizi huvunwa mwaka mzima. Mwaka 2011 FAO waliutambua mfumo huu pale Shimbwe Juu kama urithi wa kilimo wa dunia. Nadhani mtaalamu wa semina hakupata habari.

Nikamsimulia ya Mbinga. Wamatengo wanalima mahindi mlimani, tena kwenye mteremko wa kutisha, lakini kwa ngoro. Wanafyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana, miraba miraba. Kisha wanachimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuyafunikia yale majani. Linabaki shimo, na matuta pande nne. Mvua ikinyesha, maji yanatuama shimoni badala ya kuondoka na udongo. Majani yanaoza chini ya maharage, na msimu unaofuata yanakuja mahindi. (Kufyeka ni kazi ya wanaume, kuchimba wameachiwa akina mama. Hilo nitaliandikia siku yake.)

Sasa ukichukua mahindi ya mlimani ukaacha ngoro, mvua za masika zitakubakizia nini?

Shinyanga nako wana dawa yao. Wasukuma hufunga kipande cha malisho mvua zikianza, ng'ombe wanaingia kiangazi kikikaza. Ndizo ngitili. Mradi wa HASHI ulipoanza mwaka 1986 zilikuwa zimebaki kama hekta 600 tu. Hadi unakwisha mwaka 2004 zilikuwa zimepita 300,000. Safi sana, ila mimi Mchagga nikifunga malisho kwenye nusu ekari, ng'ombe wangu si atakula kamba?

Baba mdogo akacheka. Halafu akauliza, "Na ada ya Januari?"

Hapo ngoro na ngitili hazinisaidii. Bibi, ambaye bado ndiye mwenye kihamba, alikuwa anamenya ndizi, hakusema kitu. Ukoo unakaa Desemba. Kama kuna msomaji ambaye kwao wamepata kitu cha kuuza, kiwe vanila, parachichi au asali, bila kung'oa migomba, naomba aniandikie kabla ya hapo. Tena aseme ni wilaya gani.