Kwa mtu wa farasi: namna tulivyopotea Bruxelles

Mulituomba tuwaeleze safari yetu ya Ubelgiji. Arusi ya binti yetu ilienda vizuri, hiyo tutaieleza siku ingine. Juma hili tunapenda kuwaeleza namna tulivyopotea, kwa sababu siku ile tulipata somo ambalo halimo katika daftari zetu.

Tulikuwa watu wanne: sisi walimu wawili, mdogo wetu mmoja, na Mama Mukubwa. Yeye amepita miaka sitini na hakuingia masomo hata siku moja. Siku ya kwanza ya juma wenyeji wetu walikwenda kazini. Tukasema: sisi watu wa Lubumbashi tutashindwa kutembea mjini? Tukatoka peke yetu.

Bruxelles ina mji wa chini na mji wa juu. Chini ndiko kuna Grand-Place, uwanja uliozungukwa na nyumba za zamani zilizopambwa, na mnara wa Hôtel de Ville wenye urefu wa mita 96. Karibu na pale tulimwona Manneken Pis, katoto ka shaba kanakokojoa, watu kutoka dunia nzima wanakapiga picha. Mama Mukubwa alikaangalia, akasema: "Kwetu wa namna hii wako kila kona." Tulicheka mpaka tukapanda ngazi za Mont des Arts bila kusikia uchovu.

Juu tulifika Place Royale. Katikati kuna sanamu ya Godefroid de Bouillon, amepanda farasi, bendera mkononi. Iko pale tangu 1848. Kama vile kila mama anavyowaambia watoto sokoni, tulipatana: mtu akipotea, arudi hapa, kwa mtu wa farasi. Sisi watatu tulikuwa na simu. Mama Mukubwa hakuwa nayo.

Tulifuata rue de Namur mpaka Porte de Namur. Pale kuna uwanja mdogo wenye jina la Patrice Lumumba, uliofunguliwa tarehe 30 Juni 2018. Tulisimama kimya kidogo, kwa sababu Lumumba aliuawa upande wetu, karibu na Lubumbashi, tarehe 17 Januari 1961. Kisha tukaingia Matonge. Wamama, pale moyo unatulia! Sombe, chikwanga, samaki wa moshi, saluni za kusuka, Kilingala na Kiswahili njiani. Tukaanza kubishana bei ya vitenge. Tulipogeuka, Mama Mukubwa hayuko.

Tulimtafuta duka kwa duka. Kisha tukafuata chaussée de Wavre kwa haraka, bila kujua kama tunaelekea mahali tulipotoka au tunazidi kwenda mbali. Tulikuwa tunazidi kwenda mbali. Tulijikuta mbele ya majumba makubwa ya vioo ya Bunge la Ulaya. Na sisi wenye kujua kusoma, kusoma kwenyewe kulituchanganya. Kule kila njia ina majina mawili, moja la Kifaransa na lingine la Kiholanzi. Rue de Trèves ndiyo Trierstraat, Porte de Namur ndiyo Naamsepoort. Tulidhani ni njia mbili tofauti, tukazunguka mahali pamoja mara mbili.

Ulikuwa mwezi wa kumi na moja. Saa kumi na moja ya jioni giza lilikuwa limeingia, na baridi ilikuwa ya kuuma masikio. Tuliuliza watu mpaka tukarudi Place Royale tukikimbia. Mtu wa farasi yuko, Mama Mukubwa hayuko. Mdogo wetu akaanza kulia. Tulijiuliza tutawaambia nini watoto wake.

Mama mmoja aliyekuwa anangoja tramu akatuuliza kuna nini. Tukamweleza. Akasema: "Lakini mtu wa farasi yupi? Kuna mwingine pale Trône." Tulipita mbele ya jumba la mfalme mbiombio. Kweli, kule mwisho kuna mwingine, mwenye ndevu ndefu. Chini yake Mama Mukubwa amesimama, amejifunika kitenge mpaka kichwani. Alikuwa amemwomba kijana mmoja wa Matonge amupeleke kwa mtu wa farasi, na kijana akamupeleka kwa yule aliye karibu.

Hakulia. Alisema: "Mulisema kwa mutu wa farasi. Miye niko kwa mutu wa farasi. Ni ninyi mulipotea."

Hatukuwa na jibu. Kisha akauliza: "Na huyu mwenye ndevu ni nani?" Ni Leopold wa Pili, sanamu ya mwaka 1926. Tukamsomea maandishi yaliyo pale: kwamba shaba na bati ya sanamu hii vilitoka Congo, na kwamba Union Minière du Haut-Katanga ilivitoa bure. Jina la kampuni hiyo na mwaka wake, 1906, tunauandika ubaoni kila mwaka. Mama Mukubwa akaweka mkono juu ya jiwe.

"Ni mukuba yetu?"

"Ndiyo, Mama."

"Bure? Nani alisema bure?"

Hilo pia hatukulijibu. Tulimshika mikono, tukarudi nyumbani.

Wamama, tunawaachia mambo matatu. Mukipatana mahali pa kukutana, mutaje jina lake. "Kwa mtu wa farasi" au "kwa mti mkubwa" haitoshi, mahali pengine iko miwili. Kila mzee na kila mtoto awe na karatasi mfukoni yenye anwani na namba ya simu, hata hapa kwetu siku ya soko. Na yule asiyejua kusoma, musimwache nyuma mkifikiri atawafuata tu. Sisi tulifanya hivyo, na tulimwomba Mama Mukubwa msamaha usiku ule. Alitusamehe, lakini swali lake juu ya mukuba angali anatuuliza kila tukikutana.