Alhamisi Baada ya Alasiri



 Sisi wanafunzi wakubwa tuliopewa amana ya kusimamia mazoezi ya mpira ya wadogo zetu hapa Ubena tumeombwa tueleze namna tunavyoyapanga. Tutaeleza, ila hatuna budi kuanza na sababu, kwani hapo nyuma hatukuwa tukipanga chochote.

Desturi ilikuwa hivi. Siku ya Alhamisi madrasa imefungwa, tukishaswali Alasiri tunakimbilia kiwanjani, mpira unatupwa katikati na watoto 24 wanaufuata kama nyuki. Kupasha misuli tuliona ni mambo ya timu za Ligi Kuu. Siku moja mwenzetu wa miaka 12, aliyekuwa ameketi darasani tangu asubuhi, alichomoka kuufukuza mpira na papo hapo akashika paja. Sisi, kwa ujinga wetu, tukamwambia avumilie. Akaendelea kucheza akichechemea mpaka jua likapungua. Kumbe msuli ulikuwa umechanika. Wiki tatu aliswali ameketi.

Baba yake alikuja madrasa. Aliitikia shikamoo zetu, kisha akamwambia Ustadh mbele yetu kwamba hakumleta mwanawe kusoma ili arudishwe nyumbani amebebwa. Hatukuwa na la kujibu, maana lilikuwa kosa letu. Mpira ukasimamishwa.

Ustadh hakutugombeza. Alitukumbusha habari iliyomo katika Sahihi Bukhari, iliyopokewa kwa Ibn Umar (R.A.), kwamba Mtume wetu (S.A.W.) aliendesha mashindano ya farasi. Wale farasi waliotayarishwa kwa mazoezi walikimbia kutoka Hafya mpaka Thaniyatul-Wadaa, na wale ambao hawakutayarishwa wakapewa mwendo mfupi, kutoka Thaniyatul-Wadaa mpaka msikiti wa Bani Zuraiq. Ibn Umar mwenyewe alikuwemo katika mashindano hayo. Kisha Ustadh akatuuliza: ikiwa farasi wamepimiwa mwendo kwa kadiri ya matayarisho yao, mtoto wa jirani yenu mmempimia nini?

Akatupa sharti. Kila Jumatano tumletee karatasi yenye mazoezi yote na dakika zake, nayo yaishe kabla ya Magharibi kwa nafasi ya kutosha kila mtoto kuoga na kuwahi msikitini. Karatasi yetu ya kwanza ilisema: mazoezi dakika 10, mechi dakika 65. Aliirudisha bila neno.

Alhamisi iliyofuata alituruhusu tucheze kama zamani, baada ya kukimbia polepole kwanza, lakini mmoja wetu akae chini ya mwembe na kokoto 40 mfukoni, amwangalie mtoto mdogo kuliko wote na kuweka kokoto moja chini kila mguu wake unapogusa mpira. Katika nusu saa ziliwekwa kokoto tatu. Mara ya nne mpira ulimpiga mgongoni, tukabishana kama nayo ihesabiwe. Mtoto huyo hakuwa amekosa Alhamisi hata moja mwaka ule. Tuliona haya, kwa sababu kila mara tulikuwa tukimwambia kwamba hajui kucheza.

Basi sasa tunafanya hivi. Saa kumi na nusu tunaanza kupasha misuli kwa dakika 20. Mengi tumeyatoa katika mazoezi yaliyotungwa na wataalamu wa tiba wa FIFA mwaka 2006, ambayo hayahitaji kifaa chochote isipokuwa mpira na uwanja. Huko Norway yalijaribiwa kwa wasichana karibu 1,900 wa miaka 13 hadi 17, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba majeraha makubwa yalipungua kwa karibu nusu. Tunaanza na mchakamchaka wa taratibu, tunakwenda ubavu, tunafungua nyonga, tunachuchumaa na kuinuka. Halafu kila mmoja anasimama kwa mguu mmoja tukihesabu kwa Kiarabu mpaka thelathini, kisha anabadilisha. Hapo ndipo kicheko kinapokuwa kingi, na wakubwa ndio wanaoanguka mara nyingi. Mbio za kasi zinakuja mwisho kabisa, mwili ukiwa umeshapata joto. Kabla ya yote hayo tunaokota mbigili, kwani wengi wetu tunacheza pekupeku.

Kisha pasi. Mpira wa dukani tunao mmoja, miwili tumeifunga wenyewe kwa matambara na kamba, kwa hiyo kila kundi la watoto wanane lina mpira wake. Kwa dakika 15 wanasimama safu mbili zikitazamana, hatua saba kati yao. Anayepiga anatumia upande wa ndani wa mguu, na mguu anaosimamia uelekee kwa anayempa. Akishatoa pasi anakimbilia nyuma ya safu ya pili. Anayepokea anautuliza kwa mguu mmoja na kuutoa kwa mwingine. Mguu wa kushoto huleta malalamiko, lakini hatusamehe.

Baada ya hapo ni mtu kati, dakika 20: sita wanazunguka, wawili wako kati wanautafuta mpira, na aliyepoteza pasi anaingia. Wadogo wako na wadogo wenzao. Kila mmoja anataka awe Samatta, tangu alipopewa pale Abuja, Januari 2016, tuzo ya mchezaji bora wa 2015 kwa wanaocheza Afrika. Tunawaambia kwamba hata yeye husubiri mtu ampe pasi. Tulirudia hesabu ya kokoto kwa mtoto yule yule wakati wa mtu kati. Zile 40 ziliisha kabla ya muda kwisha.

Mechi imebaki dakika 15, na kaptula zote zifunike magoti. Dakika tano za mwisho ni kutembea na kunyoosha viungo. Saa kumi na mbili kasorobo tunaondoka.

Yule mwenzetu aliyeumia amepona alhamdulillah, ila baba yake amemruhusu kupasha misuli na kupiga pasi tu, mechi bado. Mechi ikianza anakaa chini ya mwembe na kokoto zake. Alhamisi iliyopita mzee alikuja mwenyewe, akasimama pembeni kimya, mikono nyuma. Mechi ilipokolea alitazama saa yake, akauliza, "Mmebakiza dakika ngapi?"

"Saba, mzee."

"Basi wanyoosheni hao, jua linakwenda."

Tukapiga filimbi.