Ile haikuwa pumu

Wadau, kuna habari niliyoiandika kazini ambayo siku hizi inaninyima usingizi. Nilitumwa hospitali moja kuripoti makabidhiano ya mashine za kupumulia. Nikahesabu mashine, nikanukuu hotuba, nikanywa soda yao, nikarudi kuandika. Ukurasa wa tatu, na picha juu.

Miezi michache baadaye kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, akaanguka na bodaboda. Alilala ICU siku 12, mpira wa kupumulia ukiwa kooni. Hospitali ni nyingine, lakini mashine ni kama zile zile. Ilimwokoa, hilo sibishi. Aliporudi nyumbani tulichinja mbuzi.

Wiki ya tano hivi akaanza kuhema akipanda ngazi. Kisha akawa anakoroma yu macho. Zahanati wakasema pumu, wakampa dawa ya kuvuta. Kavuta miezi miwili, wapi! Shangazi mmoja akasema karogwa (kwetu lazima awepo wa kusema hivyo). Aliyegundua ni daktari kijana wa zamu, usiku tulipomkimbiza akiwa hawezi kumaliza sentensi. Alisikiliza shingoni kabla ya kifua, akauliza, "Huyu aliwahi kuwekewa mpira?" Pumu kwa kawaida hulia kifuani mtu akitoa pumzi. Hii ililia kooni, akivuta ndani.

Kumbe ule mpira una kiputo karibu na ncha, kinajazwa upepo ili hewa ya mashine isivuje. Shinikizo lake linatakiwa liwe kati ya sentimita 20 na 30 za maji. Likizidi, linabana vimishipa vya damu, nyama ya ndani inakufa, panapona kwa kovu, na kovu linazidi kujikunja. Bomba la hewa la mtu mzima lina upana wa kama sentimita 2. La kaka lilibaki milimita 5. Madaktari Joel Cooper na Hermes Grillo walishaonyesha mwaka 1969 kwamba kiputo ndicho kinachojeruhi. Kifaa cha kupima shinikizo hilo kinaenea kiganjani. Kisipokuwepo, muuguzi anabinya kipira cha nje kwa vidole, anakisia. Muuguzi mwenyewe yuko peke yake usiku kucha na wagonjwa mahututi. Simlaumu.

Usiku ule walimtoboa shingo apate kupumua. Baadaye wakamtanua koo mara mbili, kovu likarudi mara mbili. Inayobaki ni kukata kipande kilichobana na kuunga ncha mbili, kazi ya mabingwa wa kuhesabu. Yuko kwenye foleni.

Sauti haitoki, kwa hiyo tunaongea kwa kuandikiana kwenye simu yake. Jumapili nikamweleza habari ya kifaa kile. Akaandika: "Mdogo wangu, zile mashine zako za gazetini, zilikuja nacho?"

Nimelipekua daftari la siku ile. Idadi ya mashine ipo, jina la mgeni rasmi lipo, hata aina ya soda. Hilo swali sikuuliza.