Kutoka Loresho hadi Pangani: Siku Moja ya Kuutazama Mji wa Nairobi



Sisi watu wa pwani tunapokwenda Nairobi, aghalabu hupelekwa na haja tatu: hospitali, afisi za serikali, au mtoto aliye chuo kikuu. Haja ikiisha, twarudi stesheni. Ni nadra jamaa kufunga safari kwa nia ya kuutazama mji wenyewe, ijapokuwa watu huhifadhi fedha miaka mingi ili waende kuitazama miji ya kale ya Ulaya na kuongozwa humo mtaa kwa mtaa. Juzi, wakati wa likizo ya shule, tulijaaliwa kuitazama Nairobi kwa namna hiyo, na twaona yafaa kuwasimulia wasomaji wetu, hasa kina mama, kwa kuwa jambo kubwa tulilorudi nalo lawahusu wao zaidi.

Tulikuwa watu saba wa ukoo mmoja: kina mama watatu, wasichana wawili wa kidato cha pili, sisi, na mama mkwe wa ndugu yetu, aliyepita miaka themanini, ambaye sote twamwita Bi Mkubwa. Tulifikia kwa jamaa zetu Loresho, upande wa magharibi wa mji. Ni mahali pa miti mirefu na ua za maua, na alfajiri ya huko ina baridi ya kumfanya mtu wa Mombasa autazame mtungi wa udhu mara mbili. Nchi ile ya Kabete, kabla ya kuwa ya majumba, ilikuwa ya mashamba ya kahawa ya walowezi, na kabla ya walowezi ilikuwa ya Wakikuyu. Barabara tuliyoshukia mjini, Waiyaki Way, yabeba jina la Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa Wakikuyu aliyekamatwa mwaka 1892 na Waingereza wa kampuni, akafia Kibwezi alipokuwa akipelekwa pwani.

Kiongozi wetu alikuwa kijana wa Nairobi, mwenye adabu na kumbukumbu nzuri. Alituanzisha kwenye reli, na hapo ndipo pa kuanzia, kwa sababu bila ya reli mji huu haungalikuwako. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika hapa mwishoni mwa Mei 1899, mahali pa kinamasi ambapo Wamasai walipaita kwa maji yake baridi. Mwaka 1905 makao makuu ya serikali ya kikoloni yakahamishwa kutoka Mombasa kuja huku. Katika makumbusho ya reli wasichana wetu walisimama mbele ya behewa ambalo simba alimtoa ndani yake afisa wa polisi, Charles Ryall, usiku mmoja wa mwaka 1900 huko Kima. Kisa hicho hakikosi kusimuliwa. Lakini kiongozi alitukumbusha pia watu zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka Bara Hindi kuja kuijenga reli, wengi wao Waislamu wa Punjab, na wapagazi na mafundi Waswahili waliopanda nayo kutoka pwani. Hao ndio waliosali jamaa za mwanzo katika mji huu.

Kutoka hapo tulikwenda kwa miguu hadi bustani ya ukumbusho wa tarehe 7 Agosti 1998, mahali ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa na watu zaidi ya 200 wakauawa. Majina yao yameandikwa ukutani, na ya Kiislamu yamo. Tulisimama kimya, kisha tukawaambia wasichana wazi kwamba kumwaga damu ya mtu asiye na hatia ni katika madhambi makubwa kabisa, na kwamba atendaye hivyo kwa jina la dini huidhulumu dini kwanza.

Katika Bustani ya Jeevanjee tulipumzika. Alibhai Mulla Jeevanjee alikuwa Mwislamu wa jamaa ya Mabohora, mzaliwa wa Karachi, aliyekuwa mkandarasi wa reli na mwanzilishi wa gazeti la African Standard lililotoka Mombasa mwaka 1902. Bustani hii aliwatolea wakazi wa mji mwaka 1906. Mwaka 1991 ulipotokea mpango wa kuijenga, aliyesimama mbele kuitetea alikuwa mjukuu wake, Bi Zarina Patel. Bustani ikasalimika, na hadi leo mtu asiye na senti hupata kivuli hapo katikati ya mji. Bi Mkubwa aliposikia kwamba mjukuu wa kike ndiye aliyeiokoa kazi ya babu, alitikisa kichwa polepole, wala hakusema neno.

Adhuhuri ilitukuta penye Msikiti wa Jamia. Uliasisiwa mwanzoni mwa karne ya ishirini, na jengo tunaloliona leo, lenye makuba matatu na minara miwili, lilikamilika mwaka 1933. Jirani yake ni Maktaba ya McMillan, yenye simba wa mawe mlangoni, iliyofunguliwa mwaka 1931. Kwa miaka mingi ya ukoloni maktaba ile ilikuwa ya Wazungu peke yao. Basi mtoto aliyetoka kusoma Kurani msikitini aliweza kuwatazama simba wale, lakini vitabu vilivyokuwa nyuma yao hakuruhusiwa kuvigusa.

Hapa pana faida ya kifikihi kwa wasafiri. Kwa madhehebu ya Imamu Shafi, msafiri wa masafa kama ya Mombasa na Nairobi, akiwa hakukusudia kukaa siku nne kamili ukiacha ya kufika na ya kuondoka, ana ruhusa ya kupunguza sala za rakaa nne zikawa mbili, na ya kukusanya adhuhuri na alasiri. Ruhusa hii ni rehema kubwa kwa kina mama wenye watoto na ratiba ya gari. Lakini msafiri akisali nyuma ya imamu mkazi, hapana budi akamilishe rakaa nne. Kwa hiyo tulikamilisha adhuhuri pamoja na jamaa, kisha tukasali alasiri kwa kupunguza. Kiongozi wetu, asiyekuwa Mwislamu, alitungoja nje kwa subira. Kumwarifu mtu mapema ni nusu ya wepesi: tulikuwa tumemwambia tangu asubuhi.

Baada ya chakula tulipanda juu ya Jumba la Kenyatta la mikutano ya kimataifa, lenye ghorofa 28, lililofunguliwa mwaka 1973. Kutoka juu mji wote husomeka kama ubao. Magharibi, kwenye vilima vyenye hewa na miti, kuna Westlands na nyuma yake Loresho tulikotoka. Kaskazini ni Parklands. Mashariki, kwenye tambarare, mabati yamebanana. Kiongozi alieleza kwamba hayo hayakutokea kwa bahati: serikali ya kikoloni iliwatengea Wazungu vilima, Wahindi upande wa Parklands na Ngara, na Waafrika upande wa mashariki. Sheria zile zimekufa zamani, lakini umbo walilouachia mji lingali hai.

Ziara ilikuwa iishie hapo. Ndipo Bi Mkubwa aliponena.

“Mwanangu, na Pangani je?”

Kijana akajibu kwa upole, “Nyanya, Pangani hakuna kitu cha kuona siku hizi. Ni barabara na magari tu.”

“Basi nipeleke nikakione hicho kisichokuwako.”

Wasomaji wetu huenda wasijue kwamba Nairobi ya zamani ilikuwa na vijiji vya Waswahili. Viliitwa Mombasa, Maskini, Kaburini na Pangani, majina ambayo mtu wa pwani hahitaji kutafsiriwa. Nyumba zake zilikuwa za udongo na miti, kwa mtindo wetu, zenye ukumbi na vyumba pande mbili. Lugha ya humo ilikuwa Kiswahili na dini iliyotawala ilikuwa Uislamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 serikali ilipima kitongoji kipya cha Waafrika, Pumwani, na watu wa vijiji vingine wakahamishiwa huko. Pangani kilibaki hadi 1938 na 1939, kikabomolewa, na watu wake wengi wakapelekwa Shauri Moyo katika nyumba zilizojengwa na baraza la mji. Aliyekuwa mwenye nyumba alijikuta mpangaji.

Tulipofika, kijana alikuwa amesema kweli. Pana barabara kuu ya Thika, daraja, na magari yasiyokatika. Tulisimama kando, Bi Mkubwa akashikilia mkono wa msichana mmoja, akaanza kusema mambo ambayo hata binti yake mwenyewe, aliyekuwa pamoja nasi, hakuwahi kuyasikia. Nyanya yake alikuwa mtu wa bara aliyesilimu hapa. Alianza kwa kuwauzia chakula wafanyakazi wa reli, akaweka pesa kidogo kidogo, akajenga nyumba ya vyumba sita, akaipangisha.

“Ilikuwa yake mwenyewe,” alisema. “Si ya mume wala si ya kaka.”

Ilipobomolewa, mama yake Bi Mkubwa, aliyekuwa msichana, alishuka Mombasa kwa gari la moshi na kuolewa huko. Tangu siku hiyo hakulitaja jina la Pangani mbele za watu. Mmoja wa kina mama aliuliza kwa nini.

“Kwa sababu ya maneno,” Bi Mkubwa akajibu. “Mwanamke mwenye nyumba Nairobi, watu walikuwa na jina moja tu la kumwita.”

Hapa ndipo tunapotaka kusita na wasomaji wetu. Waliochunguza historia ya Nairobi wameonyesha kwamba wanawake walikuwa sehemu kubwa ya wenye nyumba wa Pangani na Pumwani, na kwamba wengi wao walisilimu. Wameandika pia kwamba wako waliojipatia mali kwa njia isiyo halali. Hatukanushi lililoandikwa. Lakini kuwakusanya wanawake wote wa mji mzima chini ya neno moja la aibu ni kuwasingizia, na dini yetu imeweka adhabu kali kwa anayemsingizia mwanamke mwenye kujihifadhi. Aliyetubu, toba yake ni baina yake na Mola wake, naye ni Mwenye kusitiri. Aliyeuza chakula kwa jasho lake ana haki ya kutajwa na wajukuu zake kwa fahari. Nyanya yule alinyimwa haki hiyo kwa miaka zaidi ya themanini. Nyumba ilibomolewa na serikali, lakini jina lake lilizikwa na ndimi za watu, na baadhi ya ndimi hizo zilikuwa zetu, Waislamu wa pwani.

Na kwa nini wengi wao walisilimu? Sababu ni nyingi na nyoyo azijua Mungu. Lakini moja tunaweza kuitaja. Katika mila za makabila mengi ya wakati ule ardhi ilikuwa ya wanaume na ilirithiwa na wana wa kiume. Sheria ya Kiislamu humpa mwanamke miliki yake: mahari ni yake, biashara yake ni yake, mumewe hana haki nayo ila kwa ridhaa yake, na Sura ya Nisaa imewawekea wanawake fungu katika wanachoacha wazazi na jamaa, kiwe kidogo au kingi. Bi Khadija, radhi za Mungu ziwe juu yake, alikuwa mfanyabiashara kabla ya kuwa mke wa Mtume. Mwanamke aliyekuja mjini peke yake alikuta katika Uislamu mlango ambao mwengine haukumfungulia.

Lakini mlango huo leo twaurudisha wenyewe. Twazijua nyumba, Mombasa na Lamu na Nairobi pia, ambamo dada huambiwa kwa sauti laini “wasamehe ndugu zako” siku ya kugawa mirathi, akatia sahihi huku analia. Msamaha uliotolewa kwa haya na woga si msamaha wa kisheria. Mahakama za Kadhi, zinazotambuliwa na Katiba ya mwaka 2010, zipo kwa mambo ya mirathi kama haya, na mwanamke akienda huko hajamvunjia mtu heshima.

Basi kwa jamaa wenye nia ya ziara, twashauri haya. Endeni kikundi kidogo, ili mwenye swali asikilizwe na mzee asiachwe nyuma. Mwambieni kiongozi tangu mwanzo saa za sala. Mwombeni aongeze Pangani na Pumwani katika njia yake, hata akisema hakuna kitu. Kabla ya kuondoka, kaeni na bibi zenu muwaulize walikuwa na nani Nairobi, mtaa upi, nyumba ya nani. Andikeni majina, kwani majumba ya wenye nguvu yana mawe ya kuyasemea, na nyumba ya udongo haina shahidi ila kinywa cha mzee.

Usiku ule Loresho, wasichana wetu wawili walikaa na Bi Mkubwa sebuleni, mmoja na daftari la shule, mpaka saa tano. Jina la nyanya yule sasa limeandikwa, pamoja na hesabu ya vyumba vyake na majina ya wapangaji wawili. Twamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu, yeye na wote waliolala huko bila ya wa kuwataja, na atupe sisi ndimi za haki. Amin.