Wapagazi Wako Wapi? Jioni za Alhamisi Kwenye Meza ya Vita



Ndugu wasomaji, wengi wenu mmekuwa mkituuliza kwa simu: huko Uingereza, baada ya masomo na Misa, jioni mnafanya nini? Swali hili tumelikwepa kwa muda mrefu, maana jibu lake linaweza kuwachekesha mafrateri na kuwashtua wazee wa parokia. Basi leo tunakiri. Kila Alhamisi, sisi mapadre wawili, watu wazima wenye mvi za kwanza, tunacheza na sanamu ndogo za wanajeshi.

Aliyetuingiza ni mzee mmoja wa parokia tunayosaidia, mwalimu mstaafu wa historia, mjane. Majira yetu ya kwanza ya baridi huku, saa kumi jioni giza limeshaingia, alitukuta mlangoni mwa kanisa tukitetemeka, akatualika chai. Tulidhani tutakunywa na kuondoka. Alipofungua mlango wa chumba cha nyuma tukaona meza ya futi sita kwa nne, imefunikwa kitambaa cha kijani, juu yake vilima, ua wa miti, kanisa dogo la kadibodi, na watu mamia kwa mamia wamejipanga. Kila mmoja ana urefu wa milimita 28 hivi, kama pingili ya juu ya kidole gumba. Na kila mmoja ana uso, vifungo vya koti, hata matope kwenye viatu.

"Hii ni Naseby," alisema, "tarehe 14 Juni 1645. Uwanja wenyewe si mbali na hapa kwa gari. Mapadre, nani atakuwa mfalme?"

Mchezo wenyewe si mgumu kuuelewa. Kila kikosi kina mwendo wake unaopimwa kwa futi kamba: askari wa miguu inchi chache, farasi zaidi. Ukitaka kupiga risasi au kushambulia, unarusha dadu, na kitabu cha kanuni kinakuambia dadu zina maana gani. Jambo linalotofautisha mchezo huu na drafti ni kwamba askari wako wanaweza kukukatalia. Wakichoka wakaogopa, wanakimbia, hata kama wewe jemadari umepanga vizuri namna gani.

Jioni ile tulipewa upande wa mfalme Charles, na farasi wa mpwa wake, Prince Rupert. Tulishambulia kwa fujo, tukavunja ubavu wa adui, tukashangilia. Halafu dadu zikasema farasi wetu wameendelea kuwafukuza wakimbizi mpaka nje ya meza. Cromwell, yaani mzee wetu, alikuwa amewazuia farasi wake. Akawageuza polepole na kutumaliza. Baadaye alituonyesha kwenye kitabu kwamba ndivyo ilivyokuwa kweli: Rupert alifika mpaka kwenye mizigo ya adui, na aliporudi vita ilikuwa imekwisha. Tukarudi nyumbani kwa miguu, usiku, tukibishana nani kati yetu aliyeharibu.

Tangu hapo tulinaswa. Tulinunua brashi ndogo na vichupa vya rangi. Tulijifunza kupaka kwanza rangi ya msingi, kisha nguo, kisha ngozi, na mwisho kumwaga rangi nyepesi kama maji inayotuama kwenye mikunjo na kuleta kivuli. Sanamu moja inakula nusu saa, na ya farasi zaidi. Nyingi ni za plastiki au madini, na zile za zamani zilikuwa za risasi. Wachezaji wa huku hutaniana kuhusu mlima wa risasi, yaani lundo la sanamu ambazo mtu amenunua na hajawahi kuzipaka. Mzee wetu ana mlima wake chini ya kitanda. Sisi Waswahili tunalisikia neno hilo kwa masikio mawili, maana kwetu madini yale na kile kinachotoka mdomoni mwa bunduki vina jina moja.

Msidhani ni mchezo wa juzi. Mwaka 1824 afisa mmoja wa Prussia, von Reisswitz, alichapisha kanuni za mchezo wa vita wa kufundishia maofisa. Mwaka 1913 mwandishi H. G. Wells alitoa kitabu kiitwacho Little Wars, akieleza namna ya kupigana sakafuni kwa sanamu na mizinga midogo ya springi. Wells alidai kuwa anayecheza vita vidogo ataona jinsi vita vikubwa vilivyo vya kijinga. Mwaka uliofuata Ulaya ikaingia katika Vita Kuu ya Kwanza.

Je, mapadre wanaruhusiwa? Swali hilo tulijiuliza mapema, tukamwendea Mtakatifu Thomasi wa Akwino. Katika Summa anauliza kama kuna fadhila katika michezo, na jibu lake ni ndiyo: roho nayo huchoka kama mwili, na pumziko lake ni burudani ya kiasi. Anasimulia habari ya Mtakatifu Yohane, aliyekutwa akicheza na wanafunzi wake, watu wakakwazika. Yohane akamwomba mmoja wao mwenye upinde arushe mshale, na mwingine, na mwingine, kisha akamuuliza kama angeweza kuendelea hivyo bila kukoma. Yule akasema upinde ungevunjika. Tulifurahi sana kusoma hayo. Zaidi ya hapo, tulisema, hata bao letu lina lugha ya vita: tunateka kete za mwenzetu, na hakuna mzee wa pwani aliyeungama dhambi hiyo.

Kwa hiyo tulikwenda kwenye maonyesho kwa amani ya moyo. Maonyesho haya ni kama mnada na sikukuu kwa pamoja. Kubwa lao ni Salute la London, linaloandaliwa na chama cha South London Warlords. Sisi tulikwenda kwenye dogo, katika ukumbi wa michezo wa mji wa jirani. Upande mmoja kuna wauzaji wa sanamu, rangi, vitabu na miti ya plastiki. Kona moja kuna meza ya vitu vya mitumba, ambapo mjane anaweza kuuza jeshi la marehemu mumewe. Katikati kuna meza za vyama, nyingine za kutazama tu, nyingine unakaribishwa kucheza. Watu ni wakarimu. Mgeni hakosi wa kumweleza, na wakishaanza kueleza hawamalizi upesi.

Ndipo mmoja wetu, ambaye ni Msambaa wa Lushoto, akasimama ghafla. Mbele yetu ilikuwa Tanga.

Ilikuwa kazi nzuri, lazima tuseme. Bahari ya rangi ya buluu, minazi, mashamba ya mpira, reli inayotoka Moshi, meli ya kivita HMS Fox. Jeshi la Waingereza na Wahindi, watu wapatao 8,000 chini ya Jenerali Aitken, upande mmoja. Askari elfu moja hivi wa Lettow-Vorbeck upande mwingine. Kulikuwa na karata maalumu za nyuki. Karata ikitoka, kikosi cha Kihindi kinarudi nyuma inchi sita, na watazamaji wanacheka. Mwenzetu naye alicheka, maana habari za nyuki wa Tanga tumezisikia tangu utoto. Kisha akaizunguka meza yote, akainama, akatazama kila kona. Akamuuliza kijana mwenye meza: "Wapagazi wako wapi?"

Yule kijana alijibu kwa adabu kwamba wapagazi hawapigani, kwa hiyo kanuni hazina nafasi yao.

Tulirudi bila maneno mengi. Babu wa babu yake mwenzetu alichukuliwa upagazi katika vita ile. Hakurudi. Familia haina kaburi lake. Ina jina tu, ambalo hupewa mtoto mmoja katika kila kizazi. Watu wa Dar es Salaam hupita Kariakoo kila siku wakinunua nyanya na simu, na jina hilo ni la kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, kilichopiga kambi pale. Kwa upande wa Waingereza peke yake, wanahistoria wanakadiria wapagazi waliokufa kuwa zaidi ya 90,000, na wengi wao waliuawa na kuhara, malaria, njaa na uchovu. Lakini sanamu ya mjini inamwonyesha askari mwenye bunduki, amesimama peke yake.

Alhamisi iliyofuata mwenzetu hakwenda. Wala ile nyingine. Alisema hawezi kurusha dadu juu ya mifupa ya jamaa zake. Yule mwingine alimjibu kwamba wale wa Naseby nao walikuwa na jamaa, na pale hakuona shida. Kwamba baada ya vita ile askari wa Bunge waliwaua wanawake wapatao mia waliofuatana na jeshi la mfalme, nao pia hawakuwa juu ya meza, na sisi tulicheka tu. Maneno hayo yalikuwa ya kweli, lakini yalisemwa kwa ukali. Kwa muda wa mwezi mmoja tuliadhimisha Misa pamoja na kula meza moja tukiwa hatuna amani kati yetu. Mafrateri, mnaodhani upadrisho unaondoa mambo haya, tunawaambia mapema.

Aliyetupatanisha ni mzee. Alikuja nyumbani kwa mapadre na kisanduku cha viatu. Ndani kulikuwa na sanamu ishirini za wapagazi wenye mizigo kichwani, bado hazijapakwa rangi. Alisema: "Nimefundisha historia miaka thelathini na tano, na sijawahi kuwafundisha hawa. Sijui hata wavae rangi gani. Nisaidieni."

Tuliwapaka sisi watatu, kwenye meza ya jikoni. Mwenzetu alimpigia mama yake kuuliza alichosikia kwa wazee. Kilikuwa kidogo: kwamba alipewa blanketi moja, na kwamba aliondoka asubuhi mahindi yakiwa bado mabichi. Blanketi tuliipaka rangi ya kijivu.

Kisha tukatunga kanuni. Tulianza na hesabu ya darasa la nne. Tuseme mpagazi anabeba kilo 25 za unga na anakula kilo moja kwa siku. Akienda siku kumi na mbili na kurudi kumi na mbili, amekula kilo 24, amemfikishia askari kilo moja. Ndiyo maana walihitajika watu wengi kiasi kile, na ndiyo maana posho yao ilipunguzwa. Mzee aliishika ile karatasi muda mrefu. Alisema vitabu vyake vyote vya vita ile vinaeleza mishale kwenye ramani, na sasa ameona mishale ile ilikuwa inatembea juu ya nini.

Tulicheza safari ya kuelekea Mahiwa, Oktoba 1917, kule Lindi, karibu na Nyangao ambako wengi wenu mnapajua kwa sababu ya misheni ya Wabenediktini. Vita ile ya siku nne iliwapotezea Waingereza zaidi ya watu 2,000. Lakini sisi hatukufika vitani. Kila zamu tulirusha dadu moja kwa kila mpagazi. Ikitoka moja, ameugua, tunamlaza ubavu, na mzigo wake unagawiwa kwa waliobaki. Mvua ilipunguza mwendo. Ilipofika saa nne usiku, wapagazi kumi na wanne walikuwa wamelala ubavu na hakuna aliyekuwa amepiga risasi hata moja.

"Mchezo huu hauna raha," alisema mzee.

"Hauna," alijibu mwenzetu. Akasimamisha sanamu yenye blanketi ya kijivu, iliyokuwa imeanguka zamu ya tatu, akaitazama, akairudisha ubavu kama kanuni zilivyotaka.

Hatujauacha mchezo. Alhamisi iliyopita tulikuwa Waterloo, na tumeshindwa tena. Tunaipenda ile saa mbili ya kupaka rangi bila kusema, tunapenda kumwona mzee akifurahi katika nyumba ambayo ilikuwa kimya mno. Lakini hatukubaliani katika yote. Mwenzetu hachezi Tanga, na yule mwingine hamshawishi. Tulichokubaliana ni hiki: kabla ya kuanza, mmoja wetu anauliza ni nani alikuwepo siku ile na hayupo kwenye meza. Mara nyingine jibu ni fupi. Mara nyingine tunachelewa kuanza.

Tulipokuwa tukiandika haya tuligundua jambo ambalo hatukuwahi kuliona. Meli za Waingereza zilifika mbele ya Tanga tarehe 2 Novemba 1914, Siku ya Marehemu Wote. Mwaka huu siku hiyo mzee ataweka jina la mkewe kwenye bahasha ya nia za Misa, kama afanyavyo kila mwaka. Ametuomba tumwandikie pia jina la yule mpagazi, na tumtajie herufi moja moja ili asikosee.