Kinamasi cha Nakivubo na Malisho ya Sayyidna Umar



Leo tunazungumza juu ya kinamasi. Huenda wengine wakashangaa walimu wa madrasa wana shughuli gani na matope, lakini sisi wa Port Bell (watoto wetu hudhani jina hili ni la kengele, kumbe ni la gavana Mwingereza, Sir Hesketh Bell) tunaishi jirani na Nakivubo, na kila mara ardhi ile inapotajwa wazazi hutuuliza swali lile lile: serikali ina shule na zahanati za kujenga, kwa nini itie pesa za umma kwenye mafunjo?

Swali ni zuri. Tuanze na kazi ya mafunjo hayo. Mfereji wa Nakivubo unapita katikati ya Kampala, karibu na soko la Owino, kisha eneo la viwanda, ukibeba majitaka ya mji ambao ni sehemu ndogo tu ya nyumba zake zimeunganishwa na mabomba ya majitaka. Uchafu huo huingia kinamasini, reli ya Port Bell ikikikata vipande viwili, na mimea huuchuja kabla ya maji kuingia ziwani. Na ng'ambo ya ghuba yetu ndiko Gaba, ambako maji ya kunywa ya Kampala huvutwa. Maji ya uji wa watoto wetu na ya udhu wetu yametoka humo.

Mwaka 1999 wataalamu wa uchumi walipiga hesabu ya kazi hiyo. Waliona kuwa usafishaji unaofanywa na kinamasi una thamani ya kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 kwa mwaka, na kwamba mtambo wa kufanya kazi hiyo hiyo ungegharimu kama dola milioni 2 kila mwaka. Mafunjo hayadai mshahara.

Pamoja na hayo, kinamasi kimeendelea kuliwa. Nchi nzima, ardhioevu zilikuwa asilimia 15.6 ya Uganda mwaka 1994. Kufikia 2019 zilizobaki nzima zilikadiriwa asilimia 8.9. Katiba ya 1995, ibara ya 237, inasema serikali inazishika ardhi hizi kwa amana ya wananchi. Amana! Neno hilo mwanafunzi wetu wa darasa la kwanza anajua uzito wake. Lakini hati za viwanja zilitolewa humo humo, na kuzifuta kumekuwa kazi ndefu. Maji ya ghuba nayo yakazidi kuchafuka, gharama ya kuyasafisha Gaba ikapanda, hata ikabidi mtambo mpya ujengwe mbali, Katosi katika wilaya ya Mukono, kwa mikopo na misaada kutoka Ulaya. Kwa hiyo anayesema pesa za umma zisitumike kwa kinamasi ajue zimekwisha kutumika, tena nyingi, kwa sababu hakikulindwa.

Waislamu wasilione jambo hili kuwa la kigeni. Mtume (S.A.W.) alitenga Naqi' kwa farasi wa Waislamu, na Sayyidna Umar (R.A.) akatenga malisho ya umma, na Rabadha ikiwa miongoni mwake. Ardhi ya namna hii huitwa hima. Imamu Bukhari amepokea kwamba Umar alimweka Hunayy, mtumwa wake aliyemwacha huru, kuwa msimamizi, akamwagiza awaruhusu wenye kondoo na ngamia wachache, lakini mifugo ya Ibn Auf na Ibn Affan isiingie. Hawa ni Maswahaba wakubwa, hawakuwa na kosa lolote, ila walikuwa na mashamba na mitende ya kuwategemeza. Maskini mifugo yake ikifa, alisema Umar, atamjia na watoto wake akiomba, naye hawezi kuwatupa; na kwake ni nyepesi kutoa maji na majani kuliko kutoa dhahabu na fedha. Hebu soma tena hesabu ile ya 1999, utaona ni fikra moja.

Pesa zinaweza kupatikana. Mwaka 2016 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha dola milioni 24.1 za kurudisha ardhioevu za mashariki na kusini magharibi mwa Uganda, na kuwasaidia wakulima waliokuwa wakizitegemea wapate riziki nyingine. Kampala haikuwamo.

Hapa ndipo tunapotofautiana na baadhi ya wanaotetea mazingira, ambao hotuba yao huanza na kumfukuza mkulima. Katika Nakivubo wapo akina mama wanaolima magimbi, mayuni kama tunavyoyaita hapa, na vijana wanaokata miwa na mafunjo. Kilimo chao nacho kinapunguza mafunjo, hilo ni kweli. Lakini mwenye hati huja na karatasi na wakili, na mwenye jembe hana cha kuonyesha, hivyo fidia ikigawiwa kwa karatasi itamfikia yule aliyejaza udongo na itampita huyu aliyepanda. Siku fungu likitengwa kwa Nakivubo, tungependa orodha ianze na akina mama wa mayuni. Wenye hati wasubiri, kama mifugo ya Ibn Auf ilivyosubiri.

Wallahu aalam.