Shusha Hapo Makumbusho

Kila alfajiri, makonda wa Dar es Salaam hutangaza historia bila kujua. "Makumbusho! Makumbusho!" Abiria hushuka, huunganisha gari jingine, wakaenda zao. Nami nilipita kituo hicho miaka nenda miaka rudi kabla sijaingia mahali palipokipa jina.

Ni Makumbusho ya Kijiji, yaliyoanzishwa miaka ya 1960. Humo zimejengwa nyumba za asili za makabila yetu, kwa ukubwa wake halisi: msonge wa Wahaya, nyasi kutoka kileleni hadi chini, tembe la Wahehe, paa lake la udongo. Inama mlangoni uingie. Ubaridi utakaokupokea, wakati nje jua linachoma, ndio elimu ya mababu.

Magomeni nako, ndani ya mitaa ya watu, ipo nyumba aliyoishi Mwalimu Nyerere enzi za kudai uhuru. Ni nyumba ya kawaida, na hapo ndipo uzito wake ulipo: taifa lilipangwa katika vyumba kama vya jirani yeyote.

Ukishuka Posta ya Zamani, usiikimbilie boti ya Zanzibar. Ng'ambo ya barabara limesimama Boma la Kale, kuta nene za mawe ya matumbawe na mlango wa nakshi. Sultani Majid bin Said alilijenga miaka ya 1860, alipoanza kuigeuza Mzizima ya wavuvi kuwa mji. Ukipanda hadi Mtaa wa Samora utaikuta Sanamu ya Askari ya mwaka 1927, singe ikielekea bandarini, kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita Kuu ya Kwanza.

Kunduchi niliiacha mwisho. Wengi huijua kwa samaki na ufukwe. Wachache hufika kwenye magofu ya msikiti, chini ya mibuyu. Pembeni yake kuna makaburi yenye nguzo zilizopachikwa vyombo vya kauri kutoka China. Vingi vimeng'olewa, yakabaki mashimo ya duara. Nilipitisha kidole katika shimo moja nikaitambua pwani yetu: ilifanya biashara na dunia kabla Dar haijapata jina.

Kwa hiyo kesho, konda akiita, usingoje kituo chako cha kila siku. Mwambie: shusha.